Shahidi wa Jina

Aliyeniletea habari kwamba chama chetu si salama alikuwa mama mmoja muuza mihogo pale njia panda ya Usagara, ambapo barabara ya kwenda Sengerema na Geita inaagana na ile ya Shinyanga. Ilikuwa Agosti 2018, saa tatu za asubuhi. Nilikuwa nashuka kwenye daladala itokayo mjini Mwanza. Akanisimamisha, akafuta mikono, akafungua pindo la kanga na kutoa simu yake.

"Mwangaluka, Mwalimu. Hebu tazama mwenyewe. Simu inasema chama si salama. Akiba zetu zimeliwa?"

Nikatazama. Juu kabisa ya kioo, kando ya jina la tovuti ya chama, yalikuwepo maneno mawili ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo aliyoitaja. Mwanawe wa kidato cha pili ndiye aliyemtafsiria usiku uliopita, na bila shaka mama yule hakulala vizuri. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hela zipo benki, haya ni mambo ya mitambo tu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mwalimu wa hisabati aliyefundisha miaka mingi, sauti ambayo watu huiamini hata pale mwenyewe anapokuwa hana hakika na asemalo. Ukweli ni kwamba sikujua maneno yale yametoka wapi.

Msomaji wangu, chama ninachokisema ni chama kidogo cha akiba na mikopo. Wanachama wake ni walimu, wauza dagaa, vijana wa bodaboda na akina mama wa sokoni. Mimi nilikuwa katibu. Mwaka 2017 tulifungua tovuti ambamo mwanachama angeweza kuandika namba yake ya uanachama na namba yake ya siri, akaona salio lake, na hata kuomba mkopo bila kupanda gari hadi ofisini. Tulijivunia sana. Hatukujua kwamba tumejenga nyumba yenye sebule nzuri ila haina mlango.

Lililotokea ni hili. Ile programu ya kufungulia tovuti, ambayo wataalamu huiita kivinjari, iko ya aina nyingi, na iliyo kwenye simu za watu wengi ni Chrome. Julai 2018 Chrome ilianza kuandika onyo kando ya jina la kila tovuti isiyokuwa na cheti cha usalama. Kwa hiyo tovuti yetu haikuharibika mwezi ule. Ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na tofauti ni kwamba simu sasa zilikuwa zimeanza kusema. Jambo hili lilinichoma nilipolielewa. Mwaka mzima akina mama wale walikuwa wakiandika namba zao za siri, na zote zilikuwa zikisafiri uchi.

Nieleze kwa mfano wa pale pale njia panda. Kwetu mtu akitaka kupeleka barua au fedha kwa ndugu yake Geita, humpa kondakta wa basi. Kama bahasha haijafungwa, kondakta aweza kuisoma, utingo aweza kuisoma, na abiria aliyekaa karibu aweza kunyofoa karatasi na kuweka nyingine. Aghalabu hawafanyi hivyo, kwa kuwa ni watu waaminifu na wamechoka. Lakini wanaweza. Habari iendayo kwenye tovuti isiyo na cheti husafiri hivyo hivyo, ikipita mikononi mwa makondakta wengi tusiowajua, kuanzia mtambo wa intaneti wa nyumba ya wageni hadi mitambo ya ng'ambo. Tovuti ikiwa na cheti, bahasha hufungwa kwa namna ambayo ni mwandikiwa peke yake awezaye kuifungua.

Hiyo ni kazi moja. Kazi ya pili ndiyo iliyonisumbua akili na ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi. Bahasha iliyofungwa vizuri haina faida ikiwa imefikishwa nyumba siyo. Lazima awepo shahidi wa kusema kwamba nyumba hii kweli ni ya fulani. Sisi vijijini tunamjua shahidi huyo: mtu akitaka kufungua akaunti benki au kumwandikisha mtoto shule, huenda kwa mwenyekiti au mtendaji kupata barua ya utambulisho yenye muhuri. Kwenye intaneti mashahidi ni makampuni na mashirika maalumu ya kutoa vyeti, na kila kivinjari au simu hutoka kiwandani ikiwa na orodha ya mashahidi inaowakubali. Shahidi asiyekuwemo katika orodha hiyo, cheti chake ni karatasi ya kufungia karanga.

Biashara hiyo si ya kale, na Afrika ilikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1995 kijana wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alipokuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alianzisha kampuni ya kutoa vyeti aliyoiita Thawte. Mwaka 1999 aliiuza kwa kampuni ya VeriSign ya Marekani kwa dola milioni 575. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kidogo. Milioni 575 kwa kazi ya kushuhudia majina ya watu! Wenyeviti wangapi wa vitongoji wamekufa maskini.

Basi mwenyekiti wa bodi akanituma nitafute cheti. Nikamwendea wakala mmoja mjini, kijana mtanashati, akanitandikia bei tatu mezani kama muuza vitenge. Cha kwanza kilikuwa cha bei nafuu, nacho kinathibitisha jina la tovuti tu. Cha pili kilikuwa cha bei ya kati, kinathibitisha na jina la taasisi. Cha tatu kilikuwa zaidi ya shilingi laki saba kwa mwaka; hicho kilihitaji hati ya usajili wa ushirika, anwani, na simu ya kuhakikisha kama kweli tupo. Faida yake, alisema, ni kwamba jina la chama litaonekana kwa rangi ya kijani juu ya kioo. "Mwalimu," akasema, "mwanachama akiona kijani, moyo unatulia."

Nilikipenda kile cha tatu. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa na busara. Nilipenda ile kijani, na nilipenda zaidi kwamba kilikuwa ghali, maana mtu aliyeaibishwa njia panda mbele ya wauza mihogo hutaka dawa kali. Tena kwetu Mwanza nani asiyejua thamani ya cheti? Tuliishi hapa miaka ile, kati ya 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake zaidi ya mara moja kwa samaki wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1999 sababu ilikuwa habari za watu waliovua kwa sumu. Yadaiwa sumu ilianzia upande wa Uganda, lakini katazo lilitupata sote wa nchi tatu, na mvuvi ambaye katika maisha yake hakuwahi kutia hata tone la dawa ziwani aliona bei ya sangara wake ikianguka ufukweni. Viwanda vya minofu vilifunguliwa tena njia kwa karatasi: vyeti vya usafi, vyeti vya maabara, mihuri ya wakaguzi. Mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa kwamba muhuri unaweza kuwa ndio ugali wenyewe.

Nikaandika pendekezo langu kwa bodi: tununue cha kijani.

Kabla kikao hakijafika, likatokea jambo la nyumbani.

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, ni fundi cherehani. Alikuwa ameweka fedha muda mrefu anunue cherehani ya umeme. Akaiona kwenye tovuti ya duka moja linalojulikana, kwa bei iliyopunguzwa. Naye, kwa heshima aliyo nayo kwangu, hakufanya haraka. Alinipigia simu kwanza.

"Shikamoo shemeji. Nataka kulipa mahali kwa simu, ila naogopa matapeli."

Wakati huo kichwa changu kilikuwa kimejaa elimu mpya ya vyeti. Nikamwuliza, "Juu pale, kando ya jina, unaona picha ya kufuli?"

"Naliona."

"Limefungwa?"

"Limefungwa, shemeji."

"Basi hapo pana cheti. Lipa."

Akalipa shilingi 640,000. Cherehani haikuja. Baada ya wiki tatu za kupiga simu isiyopokelewa, alikwenda mwenyewe hadi kwenye duka hilo mjini, na pale wakamweleza kwa upole kwamba wao hawana tovuti ya namna hiyo. Jina alilolifungua lilifanana na la duka, ila lilikuwa na herufi moja zaidi katikati. Kufuli lilikuwepo. Cheti kilikuwepo. Bahasha ya shemeji ilifungwa barabara, ikasafiri salama salimini bila kondakta yeyote kuigusa, ikamfikia mwizi mikononi.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Lakini kufuli lilikuwepo, shemeji," kama mtu anayeomba kueleweshwa hesabu iliyomshinda. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Kijana aliyetutengenezea tovuti alikuwa mwanafunzi wa chuo pale Nyegezi. Nilimfuata Jumamosi ile ile. Aliniamkia, nikaitikia, nikamwambia habari yote, na mwisho nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza kabla ya kumjibu shemeji: je, mwizi anapataje cheti?

"Kama sisi tu, Mwalimu," akasema. "Kwa dakika chache, tena bure."

Akanieleza kwamba tangu Desemba 2015 lipo shirika lisilo la faida huko Marekani, Let's Encrypt, linalotoa vyeti kwa yeyote bila malipo. Kompyuta yao haimwulizi mwombaji kama ni mtu mwema. Humwambia hivi: ikiwa jina hili la tovuti ni lako, weka alama hii niliyokupa mahali fulani ndani yake, nami nitapita kuangalia. Wakipita wakaikuta, cheti hutolewa. Nikajaribu kulielewa kwa lugha yangu. Ni kama mwenyekiti wa kitongoji amwambie mgeni: unasema nyumba ile ni yako? Haya, usiku huu funga kitambaa chekundu mlangoni, kesho alfajiri nitapita. Akikikuta kitambaa, amejua kwamba mtu yule ana uwezo juu ya mlango ule. Hajajua kama ndani ya nyumba panapikwa ugali au gongo. Na mwizi wa shemeji hakudanganya kwa lolote aliloulizwa: lile jina lenye herufi ya ziada lilikuwa lake kweli.

"Basi ndiyo maana tununue kile cha juu," nikasema, maana bado nilikuwa sijakata tamaa na kijani yangu. "Mwizi hawezi kupeleka hati ya usajili."

Kijana hakubishana. Alifungua kompyuta yake, akatafuta tovuti ya taasisi kubwa ya fedha iliyokuwa na cheti cha daraja hilo, na kweli jina la taasisi likajitokeza pale juu kwa kijani. Kisha akafungua tovuti ile ile kwenye simu yake kwa Chrome. Kufuli tu. Hapakuwa na jina wala kijani. Akaomba na simu yangu, akafanya vile vile. Kufuli tu.

"Wanachama wetu wangapi wana kompyuta, Mwalimu?"

Nilihesabu kichwani. Walimu wawili, labda watatu.

Akaongeza kisa kilichotokea mwaka mmoja kabla. Mtu mmoja, Ian Carroll, alisajili kampuni katika jimbo la Kentucky akaiita Stripe, Inc, jina lile lile la kampuni mashuhuri ya malipo ambayo imesajiliwa kwingine. Kwa hati zake halali akapewa cheti cha daraja la juu, na jina la Stripe likang'aa kwa kijani juu ya tovuti isiyohusiana na Stripe yenyewe. Alifanya hivyo kuwaonyesha watu tundu, si kuiba. Sheria hazikuvunjwa. Majina ya watu hufanana, ndiyo hivyo tu. Hata darasani kwangu nimewahi kuwa na akina Masanja watano.

Nikamwuliza tena: angalau makampuni ya kulipiwa, si ndiyo imara zaidi? Akacheka kidogo, kwa adabu. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi iitwayo DigiNotar iliingiliwa na wadukuzi waliojitolea zaidi ya vyeti 500 vya uongo, kimojawapo cha Google, kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran. Vivinjari viliifuta katika orodha, na kabla ya mwezi Septemba kwisha ilikuwa imefilisika. Na mwaka ule ule tuliokuwa tunazungumza, 2018, Chrome ilikuwa inamalizia kuvikataa vyeti vya zamani vya Symantec, waliokuwa wameinunua biashara ya vyeti ya VeriSign, na ndani yake jina la Thawte la yule kijana wa Cape Town. Wenye tovuti waliokuwa wamelipa vizuri kwa mashahidi hao walilazimika kubadili vyeti, ingawa wao wenyewe hawakukosa lolote. Hapo nikawakumbuka wavuvi wangu wa 1999.

Kikao cha bodi kilifanyika wiki iliyofuata. Nililiondoa pendekezo langu mwenyewe, jambo ambalo katibu hafurahii kulifanya, nikaeleza kwamba tuchukue cheti cha bure. Mzozo ukaanza. Mjumbe mmoja, mzee aliyeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, tangu ujana wake, alipinga kwa nguvu.

"Mwalimu, cha bure kina kasoro. Mimi sinunui kwa mtu mwenye mizani isiyo na muhuri wa vipimo."

Nikamwambia cheti hiki kinafunga bahasha sawasawa na kile cha laki saba, hakuna tofauti hata chembe katika kufunga. Hakuridhika. Nikamsimulia habari ya shemeji. Sikutaka kuisimulia, maana ilikuwa aibu ya familia na zaidi ilikuwa aibu yangu, lakini niliona nisipoisema nitakuwa nimewaibia wanachama ukweli walioulipia wengine. Chumba kikanyamaza. Mzee yule akakaa kitambo akikuna kidevu, kisha akasema taratibu, kama anayejisemea:

"Kumbe muhuri wa mizani unasema kilo ni kilo. Hausemi kama dagaa wana mchanga."

Sijapata kuisikia elimu yote ya vyeti ikielezwa vizuri kuliko hivyo, na nimesoma mengi tangu siku ile.

Tukapitisha cha bure. Mwenyekiti akauliza zile laki saba tulizokuwa tumetenga zifanye nini, na hapo ndipo nilipoona kwamba suala halikuwa cheti peke yake. Ikiwa cheti ni shahidi wa jina tu, basi mwanachama lazima alijue jina lenyewe, herufi kwa herufi, kutoka mahali pasipo pa intaneti. Tukachapisha vitabu vipya vya wanachama, na kwenye jalada la ndani tukaweka jina la tovuti kwa herufi kubwa zenye nafasi kati yake. Tukapaka jina hilo ukutani mwa ofisi, upande wa barabarani. Tukanunua simu moja ya ofisi, mhasibu akaagizwa kuipokea hadi saa mbili usiku, ili mtu akishuku lolote aulize kabla ya kuandika namba ya siri. Fedha zilizobaki tulizirudisha mfukoni mwa chama.

Shemeji sikuweza kumrudishia zote kwa mkupuo. Nilimlipa kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni, naye alikataa mara mbili na mara ya tatu akapokea. Siku hizi akitaka kununua kitu huniomba nikae karibu, si kwa ajili ya ushauri, bali nimshikie kitabu au karatasi yenye jina la kweli huku yeye akipitisha kidole juu ya kioo, herufi moja baada ya nyingine, akitamka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi cherehani ana macho ya kushona. Haruki hata nukta.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Ile kijani ya kompyuta, pamoja na jina la taasisi, navyo havikudumu: kufikia Septemba 2019 Chrome ilikuwa imeviondoa pale juu, na mwezi uliofuata Firefox ikafanya hivyo. Mwenyekiti alinipongeza kana kwamba nilitabiri, nami nikamkumbusha nani alileta pendekezo la kuinunua. Mwaka 2023 Chrome iliondoa hata picha ya kufuli, ikaweka alama nyingine isiyo na maana ya ulinzi, na sababu waliyoitoa ni kwamba watu walikuwa wakiliona kufuli wanadhani tovuti ni ya kuaminika. Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Laiti wangeliandika miaka mitano nyuma.

Cha bure nacho kina masharti yake, na lazima nikiri kosa langu. Kile cha kununua kiliweza wakati ule kudumu hadi miaka miwili. Chetu kilidumu siku 90, kisha hujifanya upya chenyewe kwa programu maalumu iliyomo kwenye seva, yaani ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Mwaka 2020 tulihamisha tovuti kwenda seva nyingine, na programu ile ikaachwa nyuma. Barua za kuonya zilitumwa, nazo ziliingia kwenye anwani yangu ya zamani ambayo sikuwa nikiifungua. Jumamosi moja, siku ya kupokea maombi ya mikopo ya pembejeo, kila simu ilionyesha ukurasa wa kutisha wenye pembetatu nyekundu. Mhasibu alipokea simu mpaka sauti ikamkauka. Tangu hapo nina kalenda ukutani iliyozungushiwa duara jekundu, hata kama mitambo inasema itajiendesha. Na wenye kulipia wasifikiri wamepona. Wenye vivinjari na watoa vyeti walikubaliana mwaka 2025 kwamba muda wa vyeti vyote upunguzwe hatua kwa hatua hadi ufike siku 47 mwezi Machi 2029.

La mwisho lilinirudisha njia panda. Ilikuwa mwaka 2024. Mabasi ya Geita yalikuwa bado yanateremka Kigongo kungoja kivuko cha Busisi, maana daraja lilikuwa halijafunguliwa. Lilifunguliwa Juni 2025. Mama yule wa mihogo, sasa mvi zimemwingia, alinisimamisha mahali pale pale.

"Mwalimu, limerudi lile neno."

Simu yake ilikuwa ya zamani, aliyoinunua ikiwa tayari imetumika. Nilishangaa, kwa kuwa yangu ilifungua tovuti bila taabu. Ilinichukua siku mbili na msaada wa kijana wangu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye familia, kuelewa. Orodha ya mashahidi iliyomo ndani ya simu za namna ile iliandikwa kabla Let's Encrypt hawajajulikana. Kwa miaka mingi walikuwa wakidhaminiwa na shahidi mkongwe zaidi ambaye simu hizo zinamfahamu, na mwaka 2024 udhamini huo ulifikia mwisho. Simu zenye Android ya kabla ya 7.1.1 zikawa hazimjui tena mtu aliyetia sahihi. Cheti chetu hakikuwa na kasoro, wala simu haikuharibika. Shahidi wetu alikuwa mgeni machoni pa simu ile, basi.

Nilipochagua cheti mwaka 2018 sikuuliza kamwe ni simu za nani zitakazomwacha shahidi wetu nje. Zilikuwa za wale wale wasioweza kununua simu mpya.

Dawa ilikuwepo. Kivinjari cha Firefox hubeba orodha yake ya mashahidi badala ya kutegemea ile ya simu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, moshi wa mkaa ukinipiga macho, nikamwekea. Ukurasa ukafunguka. Nikamwomba atoe kitabu chake cha uanachama tulinganishe jina, tukalinganisha, kisha akaandika namba yake ya siri huku akinigeuzia mgongo, kama nilivyowafundisha.

Salio likatokea. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hao mashahidi walioandikwa humo ndani, wanaotujulisha kwamba sisi ndio sisi. Wao nani anawajua?"

Nikamwambia wanakaguliwa, na wenye vivinjari ndio waamuzi wa nani aandikwe na nani afutwe, na ofisi zao ziko mbali sana, Marekani.

"Umewahi kuwaona?"

"Sijawahi."

Akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akakaza fundo, akaniuliza kama nataka mihogo ya kuchoma au ya kuchemsha.